"Its" au "It's"? Kosa Nililowafundisha Wanafunzi 72

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo sikumwambia hata msimamizi wangu aliponikagua.

Mwaka jana nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita wenyewe, nilipangiwa somo la Kiingereza Kidato cha Pili katika shule moja ya kata. Darasa lilikuwa na wanafunzi 72. Dawati la watu wawili linakaliwa na wanne, na anayeandika mwisho anaandikia magotini. Wiki ya pili nikatoa zoezi dogo: andika sentensi kumi kuhusu mnyama unayemfahamu. Nikakusanya madaftari, nikajaza mfuko wa sandarusi, nikaenda kusahihisha nyumbani kwa taa ya simu maana umeme ulikatika.

Binti mmoja wa dawati la mbele aliandika hivi: "The dog has hurt its leg." Mimi na kalamu yangu nyekundu nikachomeka ritifaa katikati ya neno, ikawa "it's". Nikakata nusu maksi. Na kwa vile wengine kadhaa waliandika kama yeye, kesho yake nikaipandisha sentensi hiyo ubaoni kama mfano wa kosa.

Yule binti akanyoosha mkono. "Madam, kwenye kitabu wameandika bila hiyo alama."

Nikamjibu bila kupepesa: "Basi kitabu kimekosewa uchapaji. Mguu ni wa mbwa, si ndiyo? Tunasema 'Juma's book', tunaweka alama. Na hapa vilevile tunaweka." Darasa zima likaitikia "Ndiyo madam", vichwa vikainama, kalamu 72 zikanakili. Binti akafuta cha kwake kilichokuwa sahihi, akaandika cha kwangu.

Usiku roho haikutulia. Nikafungua kamusi. Kitabu hakikuwa na kosa, na yeye pia hakuwa na kosa. Aliyekosea alikuwa mimi.

Nitawaambia mwishoni kilichotokea baadaye. Kwanza nataka tuzungumze kuhusu vijineno hivi vya Kiingereza vinavyotusumbua kila siku, darasani, kwenye makundi ya WhatsApp ya kozi, hata kwenye barua za kuomba kazi. Nimeviandika kwa Kiswahili makusudi. Nimegundua kwamba makosa yetu mengi yana sababu, na sababu nyingi ziko ndani ya Kiswahili chenyewe. Tukiielewa sababu, hatutahitaji kukariri sana.

Ritifaa yao si ritifaa yetu

Kwenye Kiswahili ritifaa tunaijua kwenye "ng'ombe". Kazi yake ni kutuambia sauti: "ng'" ya ng'ombe si "ng" ya ngoma. Washairi wetu nao huitumia kuonyesha silabi iliyomezwa ili mizani zitimie.

Kiingereza kimeipa ritifaa kazi mbili kubwa. Ya kwanza inafanana na ile ya washairi: kuonyesha kwamba kuna herufi zimedondoshwa. "I am" inakuwa "I'm", "do not" inakuwa "don't". Hata sisi tunadondosha tukiongea. Nani hasa anasema "nitakuja" kikamilifu akiwa na haraka? Tunasema "ntakuja". Tunauliza "ushakula?" badala ya "umeshakula?" Tofauti ni kwamba sisi hatuweki alama mahali tulipodondosha, wao wanaweka.

Kazi ya pili ni umiliki wa nomino: "Juma's book", "the teacher's chair". Hapa ndipo nilipoteleza. Nilidhani umiliki wote unabeba ritifaa. Kumbe viwakilishi vya umiliki havibebi kabisa. Vitazame: "his", "hers", "ours", "yours", "theirs", "its". Hakuna hata kimoja chenye alama. Hakuna anayeandika "hi's". Basi "its" ni ndugu wa "his", na "it's" ni ufupisho wa "it is" au "it has". Basi.

Kipimo ni chepesi: fungua ufupisho uone kama sentensi inasimama. "The dog has hurt it is leg." Imeanguka, kwa hiyo ritifaa haina kazi hapo. "It is raining." Imesimama, kwa hiyo "it's raining" ni sawa. Kipimo hichohicho kinatatua "your" na "you're", "whose" na "who's", "their" na "they're". Ukikuta mtu kaandika "your late", fungua: alitaka kusema "you are late". Basi ni "you're".

Kuna jambo moja lililonipoza moyo kidogo. "Its" si neno la kale sana. Zamani Waingereza walitumia "his" hata kwa vitu visivyo na jinsia, na Biblia yao ya mwaka 1611 bado ina matumizi hayo. "Its" ilipoanza kuenea karne ya 17, wengi wao waliiandika kwa ritifaa, na maandishi ya karne ya 18 bado yanaonyesha hivyo. Kwa hiyo kosa langu liliwahi kuwa maandishi ya kawaida ya wenyewe. Lakini mtihani wa leo hauangalii karne ya 18, na maksi ya yule binti ilikuwa imeshakatwa.

Alama moja, sura mbili

Ukishazoea kufungua vifupisho, utakutana na mtego wa pili. Kuna vifupisho vinavyofunguka kwa namna zaidi ya moja.

Chukua "she's". Kwenye "She's tired" imefunguka "she is". Kwenye "She's eaten" imefunguka "she has". Na kwenye "Let's go" ile "s" ni ya "us": "let us go". Kijialama kilekile, maneno matatu tofauti.

"I'd" nayo ni hivyohivyo. "I'd go" ni "I would go", ningeenda. "I'd gone" ni "I had gone", nilikuwa nimekwenda. Utajuaje? Angalia kitenzi kinachofuata. Mnakumbuka ile jedwali ya sekondari yenye safu tatu, go, went, gone? Kama kitenzi kimetoka safu ya kwanza, ile "d" ni "would". Kama kimetoka safu ya tatu, ni "had". Vitenzi kama "come" vina safu ya kwanza na ya tatu zinazofanana, kwa hiyo hapo utategemea maelezo yanayozunguka sentensi. Halafu kuna moja ya kuishika tu kichwani: "You'd better go" ni "you had better go", japo "go" ni safu ya kwanza. Ina maana ya "heri uende". Huko "had" haina uhusiano na wakati uliopita, ni msemo ulioganda.

"Won't" nayo inawashangaza wengi. Kwa nini isiwe "willn't"? Ni kwa sababu zamani "will" ilikuwa na umbo jingine lenye "o", na "won't" imebaki na kumbukumbu ya umbo hilo. Hivyo usitafute hesabu ndani yake.

"Am coming" na "Yes, I'm"

Hili ni letu kabisa, wana Afrika Mashariki. Fungua kundi lolote la kozi: "Am coming." "Am fine." "Am in the library." Nilikuwa naandika hivyo mpaka mwaka wa pili.

Naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni sikio. Mtu akisema "I'm" kwa haraka, ile "I" inamezwa, unabaki unasikia "am" peke yake. Ya pili ni kitenzi chetu. Kwenye Kiswahili mtendaji anakaa ndani ya kitenzi. "Nakuja" ni neno moja lakini ndani yake mimi nimo. Sasa tukisema "am coming" tunaona tumekamilika, kwa sababu "am" inaelekea mtu mmoja tu, mimi. Kichwani mwetu "am" imekuwa kama "na-" ya "nakuja". Lakini Kiingereza hakikubali kitenzi cha namna hiyo kikae bila mtendaji wake kutajwa. Andika "I'm coming" au "I am coming".

Upande wa pili kuna wale waliopenda ufupisho kupita kiasi. Unamuuliza "Are you ready?" anajibu "Yes, I'm." Hapana. Ufupisho wa namna hii hauwezi kukaa mwisho wa sentensi, kwa sababu pale mwisho kitenzi hutamkwa kwa uzito na hakimezwi. Sema "Yes, I am." Vivyo hivyo, si "I don't know where he's" bali "I don't know where he is." Vifupisho vya kukanusha vyenyewe vinaruhusiwa: "No, he isn't", "No, I don't."

Halafu kuna ile "isn't it?" tunayoibandika kila mahali: "You're coming, isn't it?" "They went home, isn't it?" Hiyo tumeitafsiri kutoka "si ndiyo?" au "au sio?" ya kwetu, ambayo haibadiliki hata mzungumze habari ya nani. Kiingereza cha shuleni kinataka mkia ufanane na kichwa: "You're coming, aren't you?" "They went home, didn't they?"

Mzigo mmoja, mbebaji mmoja

Sasa tufike kwenye kosa linalochekwa kuliko yote chuoni hapa: "Did you went?" Na ndugu zake: "She didn't came", "Does he has a pen?", "He can goes".

Wanaocheka huwa hawajiulizi kwa nini kosa hili linajirudia kwa watu wengi kiasi hiki. Tazama Kiswahili. Tunasema "nilikuwa nimekula". Kitenzi cha kwanza kina mtu na wakati: ni-li. Kitenzi cha pili nacho kina cha kwake: ni-me. Tunasema "hakuwa anasoma", na vyote viwili vimevaa kikamilifu. Hakuna Mswahili anayesema "alikuwa soma". Kwetu sisi kila kitenzi kinabeba ndoo yake.

Kiingereza kina ndoo moja. Ukishamkabidhi "did" mzigo wa wakati uliopita, kitenzi kinachofuata kinatembea mikono mitupu: "Did you go?" "She didn't come." Ukiongeza "went", umebeba mzigo mara mbili. "Does" nayo imeshabeba ile "s" ya mtu wa tatu, kwa hiyo "Does he have a pen?", "He doesn't have a pen." Na baada ya "can", "will", "must", "should" kitenzi kinakaa kama kilivyo: "He can go." Hata baada ya "to" ni hivyo: "I wanted to go", si "I wanted to went".

Nilipowaeleza wanafunzi wangu kwa mfano wa ndoo, kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo madam, Mzungu ni mvivu." Darasa likacheka. Lakini zoezi la siku ile lilikuwa zuri kuliko yote. Alichohitaji yule kijana ni kuambiwa kwamba akili yake ilikuwa inafuata kanuni, ila ya lugha nyingine.

Safu ya pili na safu ya tatu

"I have went" nayo iko hapa. Baada ya "have", "has" na "had" tunachukua safu ya tatu: "I have gone", "she has seen", "they had done". "Went", "saw" na "did" ni za kusimama zenyewe: "I went", "she saw", "they did".

Kwani "went" imetoka wapi, mbona haifanani na "go"? Ni ya kuazima. Zamani kulikuwa na kitenzi "wend", na "went" ilikuwa umbo lake la wakati uliopita. "Go" ikaichukua, ikaacha umbo lake la zamani likafa. Nasi tuna mambo yetu ya namna hiyo. Kitenzi ni "kuja", lakini amri yake si "ja", ni "njoo". Ndiyo maana mtoto, na hata mtu mzima wa bara, utamsikia akisema "kuja hapa". Anajaribu kuifanya lugha ifuate kanuni mahali ilipokataa kuifuata.

Na msidhani wenye lugha hawakosei hapa. Marekani na Uingereza kuna watu wengi wanaosema "I seen him" na "I done it" nyumbani kwao tangu utotoni. Shuleni wanasahihishwa kama sisi. "Ain't" nayo ni hivyohivyo: mtaani inaishi vizuri tu, kwenye insha inakatwa.

Lala na laza

Kuna jozi moja ambayo mwalimu wangu wa sekondari aliifundisha kwa fimbo na bado hatukuielewa: "lie" na "lay". Nami naamini Mswahili ndiye mtu wa kuielewa haraka kuliko wote, kama angeambiwa kwa lugha yake.

"Lie" ni kulala. "Lay" ni kulaza. Mwisho. Sisi tuna kauli ya kutendesha, tunabadilisha mkia wa kitenzi na maana inabadilika: lala, laza, keti, ketisha, anguka, angusha. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na njia ya kufanya hivyo kwa kubadilisha sauti ya katikati, na masalia yake ndiyo haya: "lie" na "lay", "sit" na "set", "fall" na "fell" ya kuangusha mti. Kwa hiyo "I lie on the bed" nalala kitandani, "I lay the baby on the bed" namlaza mtoto kitandani.

Mtego uko kwenye wakati uliopita. "Lie" inakwenda lie, lay, lain. "Lay" inakwenda lay, laid, laid. Unaona? "Lay" ya safu ya pili ya kulala inafanana na "lay" ya safu ya kwanza ya kulaza. "Yesterday I lay on the bed": jana nililala kitandani. "Yesterday I laid the baby on the bed": jana nilimlaza mtoto. Wenye lugha wenyewe wanachanganya hapa kila siku, utawasikia wakisema "I'm going to lay down". Ukiona umekwama, jiulize kwa Kiswahili: ni lala au laza? Kisha ndipo uende kwenye jedwali.

Kosa la sikio na kosa la daftari

Sasa niwaonyeshe kosa ambalo sisi hatulifanyi sana, ila wao wanalifanya: "could of", "should of". Sahihi ni "could have", kwa ufupi "could've". Kwenye mazungumzo ya haraka ile "have" inasinyaa mpaka inasikika kama "of". Mtoto wa London au Chicago ameisikia miaka mingi kabla ya kuiandika, hivyo anaandika anachosikia. Sisi tuliiona "could have" kwanza ubaoni, tukainakili kwenye daftari, ndiyo maana hatukosei.

Yaani kosa linaonyesha mtu alijifunzia wapi lugha. Aliyejifunza kwa sikio anakosea tahajia. Aliyejifunza kwa daftari anakosea anapotakiwa kuongea haraka, kwa sababu kanuni za lugha yake ya kwanza zinawahi kufika.

Kama mnabisha, tujiangalie wenyewe kwenye Kiswahili. Ni wangapi kati yetu tunaandika "aina shida" tukimaanisha "haina shida"? "Uwa nachelewa" badala ya "huwa nachelewa"? "Ongera kwa kugraduate"? Wote tumezaliwa na Kiswahili, tumekisoma miaka yote, na bado "h" inatuponyoka kwa sababu midomoni mwetu haitamkwi. "Aina" na "haina" ni "its" na "it's" yetu. Lakini sijawahi kuona mtu akichekwa mbele ya ukumbi kwa "aina shida". Sanasana watu wanajibu "poa".

Kwenye Kiingereza tunachekana. Nina rafiki hapa hosteli, tunakaa chumba kimoja. Amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kama wengi wetu, akakutana na Kiingereza cha kufundishiwa Kidato cha Kwanza. Mwaka wa kwanza chuoni alisimama kwenye semina akasema, "As we did saw last week." Kikatoka kicheko cha kona ya nyuma, si kikubwa hata. Tangu siku hiyo hajazungumza tena kwenye semina yoyote. Usiku akinielezea mada kwa Kiswahili, anaielewa kuliko mimi. Kwenye maksi za ushiriki anapata sifuri au karibu nayo. Na sisi tuliocheka siku ile ndio walimu wa kesho. Nasema "sisi" kwa sababu nilikuwepo, na sikunyamaza.

Jumatatu ile

Turudi kwa yule binti.

Asubuhi nilimweleza mwalimu mmoja ofisini, mtu mzima, mwenye miaka mingi kazini. Nilimwambia: "Shikamoo mwalimu. Nimefundisha kosa, nifanyeje?" Akanionea huruma. "Marahaba binti yangu. Achana nalo, utalifundisha vizuri siku nyingine, wala hawatakumbuka. Ukijishusha mbele ya Kidato cha Pili hutaweza kuwatawala tena." Hakuwa na nia mbaya. Wanafunzi 72 si mchezo, na mwalimu wa mazoezi hana fimbo wala cheo, ana heshima tu.

Nilikaa na ushauri ule siku mbili. Kilichonishinda ni hesabu ndogo: upimaji wa taifa wa Kidato cha Pili ulikuwa unakuja, na kila mmoja wa wale 72 alikuwa na kosa langu kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jumatatu niliandika ubaoni ile sentensi ya mbwa. Nikawaambia: "Wiki iliyopita niliwafundisha vibaya. Kitabu kilikuwa sahihi, na mwenzenu alikuwa sahihi. Fungueni madaftari, tufute." Kukawa na kimya, halafu minong'ono, halafu mtu wa nyuma akasema "Madam naye!" na wengine wakacheka. Nikaacha wacheke. Nilipita dawati kwa dawati kuangalia kama wamefuta. Wanafunzi 11 hawakuwepo siku ile. Niliwatafuta siku zilizofuata, wengine niliwapata, wengine sikuwapata kabla ya kumaliza TP. Kwa hiyo kuna madaftari mahali fulani ambayo mpaka leo yana ile ritifaa.

Baada ya kipindi nilimwita yule binti, nikamrudishia nusu maksi yake, nikamwomba radhi. Akatazama chini. "Hamna shida, madam."

Darasa halikunishinda kulitawala. Kama kuna kilichobadilika, walianza kuniuliza maswali zaidi. Lakini yeye hakunyoosha mkono tena. Kila nilipokusanya madaftari, la kwake lilikuwa safi, limepangwa, halina kosa. Mkono ulibaki chini mpaka siku naondoka. Nusu maksi niliweza kuirudisha. Ile dakika aliyosema ukweli mbele ya wenzake nami nikamzima, sikuweza.

Muhula ujao tunarudi tena shuleni kwa TP. Safari hii kamusi itakuwa kwenye mkoba, sitaiacha nyumbani. Na nimejiwekea sheria moja: mwanafunzi akisema "kitabu kinasema hivi", jibu langu la kwanza litakuwa "tukifungue".

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye semina ya wiki hii mtu akisema "did went", mwacheni amalize hoja yake. Ukitaka kumsaidia, mfuate baadaye, mwambie habari ya ndoo moja. Na mkikuta nimekosea mahali humu ndani, iwe Kiingereza au Kiswahili, niambieni bila kuogopa. Nitashukuru, na nitafuta.